Nguruwe Tuliyemvika Makosa Yetu

Katika hadithi ya nguruwe watatu wadogo, kama Joseph Jacobs alivyoichapisha katika mkusanyo wake wa ngano za Kiingereza mwaka 1890, mama hana chakula cha kuwalisha wanawe, basi anawatoa nyumbani wakajitafutie maisha. Wa kwanza anajenga kwa nyasi, wa pili kwa matawi ya kichakani, wa tatu kwa matofali. Mbwa mwitu anaipuliza nyumba ya nyasi na kumla mwenyewe. Anaipuliza ya matawi, naye mwenyewe analiwa. Kwenye matofali anashindwa, anapitia dohani, anaangukia kwenye chungu cha maji yanayochemka na kuwa kitoweo. Walt Disney alipoitengenezea filamu fupi ya katuni mwaka 1933 aliwanusuru wale wawili wa kwanza, lakini somo aliliacha palepale na hata akalikazia: ajengaye kwa nyasi ni mvivu anayewahi kwenda kupuliza filimbi, ajengaye kwa matofali ndiye mwenye akili. Tangu hapo hadithi imezunguka dunia nzima, na vizazi vya watoto vimejifunza kuicheka nyumba ya nyasi.

Lakini mtazame nguruwe jike mwenyewe anapokaribia kuzaa. Mimba yake huchukua siku 114 hivi. Wafugaji hukumbuka kwa kusema miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Siku moja kabla ya uchungu huanza kuhangaika. Akiwa na nafasi, huwaacha wenzake na kutembea mbali, wakati mwingine kilomita kadhaa, akitafuta mahali palipojificha. Hapo huchimba kwa pua shimo pana lisilo na kina, kisha huanza kubeba: nyasi, majani makavu, matawi membamba, mdomo mmoja baada ya mwingine. Hupanga, hukanyaga, hugeuka, hulala kupima, huinuka akaongeza. Katika miaka ya 1970 na 1980 watafiti Stolba na Wood-Gush wa Edinburgh, Uskoti, waliwaachia nguruwe wa kawaida wa shambani katika eneo lenye misonobari, vichaka, kijito na kinamasi. Nguruwe wale walitokana na vizazi vya nguruwe waliozaliwa na kukulia mabandani, lakini majike walipokaribia kuzaa walikwenda kujenga viota mbali na kundi kama nguruwe mwitu wa Ulaya. Miaka elfu tisa au zaidi ya kufugwa, tangu watu wa Anatolia na wa Uchina walipoanza kuwaweka karibu na nyumba zao, haikuufuta ufundi huo. Na nyasi zile ndizo vifaa sahihi. Kitoto cha nguruwe huzaliwa kimelowa, kina malaika chache na mafuta kidogo mno mwilini. Baridi humuua upesi kuliko mbwa mwitu. Kiota cha nyasi kilichofumwa vizuri humhifadhi. Nyumba ambayo hadithi inaidharau ndiyo nyumba iliyomfikisha nguruwe katika zama zetu.

Hoja yangu ni kwamba nguruwe wa hadithi za watoto amebebeshwa makosa ya binadamu kwa muda mrefu kiasi kwamba tumeacha kumwona nguruwe mwenyewe, na kutomwona huko kuna gharama, kwake na kwetu. Tumemvika kwa namna mbili. Ya kwanza ni kumfanya kasoro yenye miguu minne: uvivu, ulafi, uchafu, ujinga, au kinyume chake, ujanja wa kutawala. George Orwell alipoandika riwaya yake ya mwaka 1945, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1967 kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere, *Shamba la Wanyama*, aliwapa nguruwe uongozi wa mapinduzi kwa kuwa ndio wenye akili kuliko wanyama wengine shambani, kisha akili hiyo akaigeuza kuwa udikteta. Namna ya pili ni ya upole zaidi: tunamvisha gauni, tunamjengea nyumba yenye televisheni, tunampa baba, mama na mdogo wake, kama ilivyo kwa Peppa wa katuni ya Kiingereza iliyoanza kurushwa mwaka 2004. Huyu hana kasoro kubwa, ila hana unguruwe wowote zaidi ya pua na kupenda kuruka kwenye madimbwi. Namna ya kwanza inamtukana na ya pili inampenda, lakini zote mbili zinamtumia nguruwe kama kitambaa cha kumshonea mtu nguo.

Chukua uchafu, kwa kuwa ndio tuhuma kongwe. Nguruwe hatoki jasho la kutosha kumpoza. Tezi za jasho alizo nazo ni chache na hazimsaidii sana jua linapokuwa kali. Njia yake ya kupoa ni kulowa, na tope linafaa kuliko maji matupu kwa sababu hukaa mwilini kwa muda mrefu zaidi na kuendelea kumpoza linapokauka polepole. Tope hilohilo humkinga ngozi na jua, na likishakauka akajisugua kwenye mti, kupe na chawa huondoka nalo. Tembo hufanya vivyo hivyo, nyati hufanya vivyo hivyo, na watalii hulipa fedha nyingi kuwatazama Tarangire na Amboseli wakijipaka udongo, wala hakuna mtoto anayefundishwa kwamba tembo ni mchafu. Kuhusu kinyesi, nguruwe mwenye nafasi huwa mwangalifu kuliko mifugo mingi. Wale wa Edinburgh walitembea mita kadhaa kutoka mahali pa kulala kabla ya kujisaidia, na mfugaji yeyote mzoefu anajua kwamba hata bandani nguruwe huchagua kona moja ya choo na kulala upande wa pili, iwapo banda lina pande mbili za kuchagua. Ukimfungia kwenye nafasi isiyomruhusu kugeuka, atalala juu ya kinyesi chake, na hapo hadithi itasema hiyo ndiyo tabia yake.

Kuna ushahidi mzito zaidi, na uko karibu nasi. Katika maeneo ya ufugaji wa nguruwe ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania, Mbulu, magharibi mwa Kenya na sehemu nyingi za Uganda, nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri inahofiwa kwa sababu ya minyoo tegu. Hofu hiyo ni ya haki. Mayai ya tegu huyo yakiingia tumboni mwa mtu, viluwiluwi vyake vinaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi ulikozoeleka ugonjwa huu unahusika na takriban 30% ya visa vya kifafa. Lakini fuata njia ya mnyoo. Tegu mzima, mwenye kutaga mayai, haishi ndani ya nguruwe. Makazi yake ni utumbo wa binadamu pekee. Nguruwe huambukizwa pale anapokula kinyesi cha mtu aliyejisaidia vichakani, au chakula na maji vilivyoguswa na kinyesi hicho. Kijiji chenye vyoo vinavyotumika na nguruwe waliofungiwa hukata mzunguko huo. Sisi ndio tunaompa nguruwe mnyoo, naye hutupokeza deni letu, kisha sisi ndio tunaosimulia habari na kumwita yeye najisi wa mwili. Misri mwaka 2009 ilionyesha jambo lilelile kwa kiwango cha jiji. Mafua ya H1N1 yalipozuka duniani, serikali iliamuru nguruwe wapatao 300,000 wauawe, ingawa ugonjwa ulikuwa unaenea kati ya watu na watu. Wengi wa nguruwe hao walifugwa na Zabbaleen, wazoa taka Wakristo wa Cairo, ambao kwa miaka mingi walikusanya makombo ya jiji na kuwalisha. Nguruwe walipokwisha, makombo hayakuwa na mlaji, na katika miezi iliyofuata taka zilioza mitaani. Mnyama aliyeuawa kwa jina la usafi ndiye aliyekuwa akilisafisha jiji.

Tabia hii ya kumtwika nguruwe hatia yetu ina historia ndefu, na wakati fulani iliwahi kuandikwa kwa wino wa mahakama. Mwaka 1386 katika mji wa Falaise, Ufaransa, nguruwe jike aliyemuua mtoto mchanga alishtakiwa, akahukumiwa, akajeruhiwa kwa kufananisha na majeraha aliyoyasababisha, kisha akanyongwa mbele ya watu. Mwaka 1457 huko Savigny nguruwe mwingine alihukumiwa kifo kwa kosa kama hilo. Watoto wake sita, waliokutwa na damu, walinusurika kwa sababu haikuthibitika kwamba walishiriki. Ukisoma habari hizi leo ni rahisi kuwacheka watu wa zamani, na sidhani wanastahili kuchekwa. Nguruwe walizurura katika miji ya Ulaya wakila taka, kama karne kadhaa baadaye walivyozurura katika miji ya Amerika. Mwaka 1131 mrithi wa kiti cha ufalme wa Ufaransa, Philippe, alikufa baada ya farasi wake kujikwaa kwa nguruwe jijini Paris. Mnyama huyu alikuwa ndani ya maisha ya watu kiasi cha kuonekana anawajibika kama jirani. Kilichokosekana mahakamani ni swali la nani alimwacha mtoto mchanga chini na nguruwe mwenye njaa nje ya zizi. Swali hilo lingeelekea kwa mzazi, kwa mfugaji na kwa mji, basi hati ya mashtaka ikaandikwa kwa jina la yule asiyeweza kujibu.

Msomaji anaweza kunipinga kwamba ngano haikuahidi kamwe kufundisha elimu ya viumbe. Sungura wa porini hazungumzi wala hamtegi simba kisimani, na bado yule wa ngano zetu tunampenda. Mtoto anajua kwamba mnyama wa hadithi ni mtu, na kumnyima mchezo huo ni kumnyima fasihi yenyewe. Pingamizi hili ni zito, nami nakubali nusu yake. Ila ngano bora zina macho. Sungura wa ngano ni mdogo, mwepesi na hana silaha isipokuwa werevu, na sungura wa porini ndivyo alivyo. Kusini mwa Nigeria husimuliwa kisa cha Kobe aliyekopa fedha kwa Nguruwe akakataa kulipa. Nguruwe anapokuja kudai, Kobe analala chali na mkewe anajifanya anasaga nafaka juu ya tumbo lake kama juu ya jiwe. Nguruwe kwa hasira analinyakua hilo analodhani ni jiwe na kulitupa nje matopeni. Kobe anajiokota, anaingia mlangoni kama anayetoka safari, anasikitika kwamba jiwe la kusagia limepotea, na anasema hatalipa mpaka lirudi. Tangu siku hiyo Nguruwe anafukua ardhi kwa pua akilitafuta. Huyo ni nguruwe aliyetazamwa. Msimulizi amemwona akifukua mfululizo, saa baada ya saa, kwa bidii ya mtu aliyepoteza kitu cha thamani, na amempa sababu yenye heshima: anadai haki yake. Hakuna elimu ya viumbe hapo, lakini hakuna uongo kuhusu mnyama. Na ngano zisizotazama zina madhara. Fisi tumemfanya mla mizoga mwoga na mlafi, mpaka Hans Kruuk, aliyemfuatilia usiku Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960, alipoonyesha kwamba sehemu kubwa ya chakula chake anaiwinda mwenyewe. Wako watu wazima wengi waliosoma mpaka chuo kikuu ambao bado wanamwona fisi wa hadithi wanapokutana na fisi wa barabarani.

Pingamizi la pili ni la dini, na katika Afrika Mashariki haliwezi kupitwa kwa haraka. Wasomaji wengi wa Kiswahili ni Waislamu, na wako Wakristo wa madhehebu ya Waadventista ambao nao hawali nguruwe kwa kufuata Mambo ya Walawi sura ya 11. Kwa mzazi wa namna hiyo, kitabu cha mtoto kinachompamba nguruwe kinaweza kuonekana kama mlango unaofunguliwa polepole. Sioni hivyo. Katazo ni la kula, na anayelishika analishika vizuri zaidi akilijua lilivyo kuliko akilichanganya na chuki. Surat Al-An'am, ambayo katika aya ya 145 inataja uharamu wa nyama ya nguruwe, katika aya ya 38 inaeleza kwamba wanyama watembeao ardhini na ndege warukao ni umma kama sisi tulivyo umma, wala nguruwe hakuondolewa katika umma hizo. Mtoto wa Kiislamu wa Tanga au Lamu anaweza kufundishwa yote mawili kwa pamoja: huyu haliwi kwetu, na huyu ni kiumbe cha Mungu chenye maisha yake. Kwa kweli yeye ana nafasi ambayo mtoto wa nyumba inayokula nyama hiyo hana, kwa kuwa anaweza kumtazama nguruwe bila kuwaza sahani.

Wapo pia wenye hasira ya haki kabisa. Mkulima wa Ruvuma au wa pembezoni mwa Selous anayekesha shambani kulinda mahindi na mihogo anamjua nguruwe pori kama mwizi wa usiku, na hakuna hadithi itakayomfidia. Simtaki ampende. Lakini hata kwa nguruwe wa porini tumekuwa wepesi wa kuhukumu kabla ya kutazama. Ngiri, yule ambaye Hollywood ilimpa jina la Kiswahili Pumbaa mwaka 1994 na kumfanya kichekesho cha kutoa hewa chafu, ni mnyama anayepiga magoti ya mbele ili kula nyasi fupi, na jioni huingia kinyumenyume katika shimo lililochimbwa na muhanga, watoto wakitangulia, ili meno yake marefu yabaki yakiutazama mlango. Katika mashimo hayo huishi papasi, na kati ya papasi na ngiri huzunguka kirusi kisichomdhuru ngiri kwa lolote la kuonekana. Walowezi walipoleta nguruwe wa Ulaya nchini Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, nguruwe hao walianza kufa karibu wote, na mwaka 1921 daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery akauchapisha ugonjwa huo kwa mara ya kwanza: homa ya nguruwe ya Afrika. Haina tiba, na mfugaji wa Mbeya au wa Masaka anayeipata bandani huweza kupoteza kila alichonacho katika wiki mbili. Je, ngiri ndiye wa kulaumiwa? Mwaka 1957 ugonjwa ulifika Lisbon kwa makombo ya chakula cha abiria wa ndege waliyolishwa nguruwe karibu na uwanja wa ndege. Mwaka 2007 uliibuka Georgia, karibu na bandari ya Poti. Mwaka 2018 ukaingia Uchina, nchi yenye nguruwe wengi kuliko zote. Ngiri hakupanda ndege wala meli. Kirusi kilisafiri ndani ya nyama iliyobebwa na watu, katika mabaki ya chakula cha watu, na kikaenea kwa biashara ya watu.

Kati ya hadithi zote za watoto ninazozifahamu kuhusu nguruwe, inayokaribia zaidi kumtendea haki ni ya E. B. White, Mmarekani aliyeishi shambani katika jimbo la Maine. Januari 1948 aliandika insha katika jarida la *The Atlantic* kuhusu nguruwe wake aliyeugua na kufa. Kwa desturi ya pale, kitoto cha nguruwe hununuliwa baridi inapoisha, hulishwa majira yote ya joto na kuchinjwa baridi inaporudi. White alijikuta akikesha na kumuuguza mnyama aliyekuwa amepanga kumuua, na hakuuficha mkanganyiko huo. Mwaka 1952 akatoa *Charlotte's Web*, riwaya ya watoto ambamo kitoto dhaifu kuliko wenzake, Wilbur, anaokolewa na msichana kwenye shoka la baba yake, kisha anaambiwa na kondoo mzee kwamba atachinjwa Krismasi, na hatimaye ananusuriwa na buibui anayefuma maneno katika utando wake. Wanyama wanazungumza, ndiyo. Lakini Wilbur havai suruali. Anakula makombo yaliyoelezwa moja moja, analala katika samadi yenye joto, anachoka, anachoshwa na upweke, anaogopa kufa. White alimwachia mtoto msomaji swali ambalo watu wazima hulikwepa, la kwa nini huyu tunamlisha kwa upendo na kwa shabaha hiyo, na hakumjibia. Buibui anakufa mwishoni, wala hakuna hila inayomrudisha. Kitabu hicho hakikuwaogopesha watoto. Kimeuzwa kwa mamilioni na kinaendelea kusomwa. Wanaodai kwamba mtoto hawezi kubeba ukweli kuhusu nguruwe wanapaswa kukijibu.

Nitaulizwa basi kama hii si njia ya kuzunguka tu ili kumnyang'anya mfugaji riziki yake. Nguruwe amesomesha watoto wengi Njombe, Songwe, Kilimanjaro na Uganda nzima. Hukua haraka, huzaa vitoto kumi hivi kwa mara moja, na soko la kitimoto halilali. Sipingi ufugaji huo. Ninachokipinga ni mfumo unaoingia nyuma yake. Katika mashamba makubwa ya nchi nyingi, nguruwe jike anayekaribia kuzaa hufungiwa katika kizimba cha chuma asichoweza kugeuka ndani yake, juu ya sakafu tupu. Siku ile ya kujenga inapofika, hana hata jani moja, na bado hujenga: hukwangua saruji kwa mguu, huisukuma kwa pua, huuma vyuma, akifanya kila tendo la ufundi wake pasipo kifaa. Watetezi wa kizimba hujibu kwamba kinawaokoa vitoto wasilaliwe na mama, na jibu hilo lina ukweli ndani yake, kwa kuwa mama ana kilo 200 na zaidi na kitoto ana kilo moja na nusu. Lakini Uswidi, Norwe na Uswisi zimekataza kumfungia mama namna hiyo wakati wa kuzaa, na bado zinafuga. Wafugaji wa huko wamempa banda pana zaidi, nyasi za kujengea, na kingo za pembeni ambako kitoto anaweza kujikinga. Gharama yake ni nafasi na usimamizi. Mfugaji wetu mdogo, mwenye majike wawili au watatu nyuma ya nyumba, mara nyingi anavyo vyote viwili, na wapo wengi ambao wakimwona nguruwe wao anabeba majani mdomoni huelewa kwamba usiku huo atazaa, wakamwongezea mzigo wa nyasi kavu. Huyo hakusoma Edinburgh. Ana macho tu, na sera ya mifugo ingefanya vizuri kuanzia kwake badala ya kuagiza vizimba.

Kuhusu vitabu, nguruwe halisi ana visa vya kutosha, na sielewi kwa nini waandishi na wachoraji wetu wa watoto wanaendelea kuazima vya Disney. Vitoto huzaliwa tayari wana meno manane makali kama sindano, na saa za kwanza hupigana usoni kwa usoni kugombea matiti, hasa ya mbele ambayo kwa kawaida yana maziwa mengi. Ndani ya siku chache vita huisha: kila mmoja ana chuchu yake, anairudia hiyohiyo kila mara, na jirani yake anaiheshimu. Kila baada ya saa moja hivi mama hulala ubavu na kuanza kuguna kwa mapigo, polepole kwanza, na vitoto hukimbia kutoka kila upande na kuanza kusukuma matiti kwa pua. Kisha mguno unaharakishwa, na hapo vitoto hunyamaza wote na kutulia, kwa sababu maziwa yanakuja na yatatoka kwa sekunde ishirini hivi tu. Aliyechelewa kufika hukosa mpaka saa nyingine. Aliye mdogo kupita wote anaweza kubaki bila chuchu kabisa iwapo ndugu ni wengi kuliko matiti, na mfugaji mwangalifu humhamishia kwa mama mwingine aliyezaa wachache. Kuna ugomvi hapo, kuna mapatano, kuna sauti inayoita, kuna mmoja ambaye hatima yake haijulikani, na yote yanaweza kusimuliwa kwa mtoto wa miaka mitano bila kumvisha yeyote suruali.